Boti Iliyofungwa Nailoni

Lori lilifika Usagara kabla ya mchana kukolea, na nililitambua kwa mbali kwa sababu mzigo wake ulimeremeta. Boti yangu ilikuwa imeviringishwa nailoni nyeupe kuanzia mbele hadi nyuma, kamba zimepitishwa juu yake. Upepo wa barabarani ulikuwa umeichana nailoni upande mmoja, kipande kinapepea. Nilisimama pale njia panda, katikati ya wauza mahindi ya kuchoma na waendesha bodaboda, nikapiga vigelegele peke yangu. Mwanamke mmoja mwenye beseni la ndizi akaniuliza kama napokea bibi harusi.

Kaka yangu alikuwa amekaa mbele, pembeni ya dereva. Alishuka taratibu, akajinyoosha mgongo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mzigo wako huo."

Alikuwa amekonda. Nikasema moyoni, ni safari. Kutoka Dar es Salaam hadi kwetu kwa lori si mchezo, na yeye si kijana tena. Nikamnunulia maji na mahindi mawili. Maji akayanywa, mahindi akampa dereva.

Mimi ni mama wa mgahawa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiuza sato wa kuchoma na ugali ufukweni, upande wa Luchelele, ukishapita Nyegezi. Wageni wangu wengi ni watu wa mjini wanaokuja Jumapili na familia zao. Wakishashiba hukaa wakitazama ziwa, na kila wiki lazima mmoja aniulize, "Mama, hakuna boti ya kutuzungusha kidogo?" Mitumbwi ya wavuvi ilikuwepo, lakini nani anamweka bibi yake aliyevaa nguo ya kanisani juu ya mbao zenye maji na magamba ya samaki?

Siku moja mgeni akanionyesha kwenye simu yake picha ya boti ya namna nyingine. Haina tumbo kama mtumbwi. Ni sakafu bapa, pana kama sebule, imekaa juu ya maboya mawili marefu ya alumini, yale maboya yako kama mabomba makubwa yaliyozibwa huku na huku. Juu kuna turubai la kivuli, pembeni kuna uzio, na viti vimepangwa kama vya nyumbani. Hata mzee wa kutembelea fimbo anapanda bila kusaidiwa sana. Picha ile haikunitoka. Niliwaambia wenzangu sokoni kwamba nitanunua boti ya aina hiyo, inaitwa pantoni, wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Wenzio wamejengewa daraja Busisi, wameachana na pantoni ya kuvusha magari, wewe ndiyo unaanza kununua!"

Kaka hakucheka. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kwenye injini za meli za ziwani, hadi alipostaafu. Ndiye aliyenifundisha kuogelea nilipokuwa mdogo, akinishika tumboni kwa kiganja kimoja. Nilipomweleza habari ya boti aliuliza maswali mawili matatu, kisha akasema, "Usinunue kwenye simu. Nitakwenda Dar mwenyewe nikaione." Nilikuwa sijawahi kununua chombo chochote cha majini, hata kasia. Sikujua kinachoangaliwa ni kipi. Kwa hiyo nilimkabidhi kila kitu, nikalala usingizi.

Alinipigia simu akiwa Dar. Nilikuwa napaa samaki, nikaiweka simu begani.

"Nimeiona," akasema. "Nimeigusa kwa mkono wangu. Mpya kabisa. Bado inanuka kiwanda."

Maneno hayo niliyarudia kwa kila aliyepita mgahawani. Bado inanuka kiwanda. Nilimwambia mpaka muuza mkaa.

Tulipofika ufukweni, winchi niliyoikodi ilikuwa inasubiri, na watu walikuwa wamejaa. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amepika pilau, amevaa kitenge kipya na kilemba chake. Mama yetu alikuwa ameletwa na gari kutoka Bujora. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kibanda changu, mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Wanakwaya wenzangu walikuwepo, na nahodha niliyemwajiri, Mkerewe mmoja mtaratibu, asiyesema neno bila sababu.

Nailoni niliichana mwenyewe kwa kisu cha samaki. Nilitaka iwe mkono wangu. Ndani yake kulikuwa na viti vyekundu, uzio mweupe, turubai la bluu, na maboya yaliyopakwa rangi ya fedha mpaka yakatuumiza macho. Harufu ya rangi ilikuwa kali. Nililipiga boya moja kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayechagua tikiti maji, nikasikiliza. Sikujua nasikiliza nini. Kila mtu akacheka, na kaka naye akacheka, ila alicheka huku akitazama pembeni. Hilo nalikumbuka sasa. Siku ile sikuliona.

Winchi ikaibeba, ikaizungusha juu ya vichwa vyetu, ikaishusha majini polepole. Ikakaa. Ikaelea sawasawa kama meza. Wanakwaya wakaanza kuimba, nami machozi yakanitoka bila kuyaomba.

Nahodha aliingia majini hadi mapajani, akaizunguka. Akamwendea kaka.

"Mzee, hii imeshajaribiwa na watu juu yake?"

"Imejaribiwa Dar," kaka akajibu.

"Mimi ningependa ilale majini kwanza. Kesho tuangalie."

Nilimkata kauli. Wageni wamekuja, chakula kimepikwa, mama ametoka Bujora, halafu tulale tuangalie? Hatukuwa tunapakia abiria wa kulipa. Wakaguzi wa vyombo vya majini walikuwa bado hawajaja, na siku ile ilikuwa yetu sisi wa nyumbani tu. Nikasema tunazunguka kidogo, pale kwenye mawe na kurudi. Nahodha akamtazama kaka, kama anayemwachia fundi mwenzake neno la mwisho. Kaka alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu.

Tukaanza kupanda. Wifi alikuwa wa kwanza, na sufuria dogo la pilau mkononi, akachagua kiti cha mbele. Ndipo kaka akamwita kutoka ufukweni.

"Mama watoto, shuka."

"Kwa nini?"

"Shuka, nina neno na wewe."

"Niambie tukirudi."

"Nimesema shuka."

Hakupandisha sauti, lakini sote tulisikia. Wifi alishuka na sufuria lake, uso umemshuka, kilemba kimekaa upande. Nilimwonea huruma, nikadhani wamegombana nyumbani. Kaka akamgeukia mama, ambaye alikuwa ameshashikwa mkono na mwanakwaya mmoja anapandishwa.

"Mayu, na wewe baki. Jua kali."

Mama akamtazama. "Jua nimelizoea mimi kabla hujazaliwa," akasema, akapanda, akakaa kwenye kiti cha wifi.

Kaka alisimama pale pale, maji yanamgusa viatu. Nilimwita, "Kaka, panda basi, wewe ndiye mwenye boti!" Akatikisa mkono. Akasema tumbo linamsumbua tangu njiani. Injini ikawaka, tukaondoka.

Mwanzo ulikuwa mtamu, siwezi kudanganya. Tulipita magugu maji, tukatoka mahali maji yanapobadilika rangi, upepo ukaingia chini ya turubai. Mama alivua viatu. Mwanakwaya mmoja aliyekuwa akiogopa maji maisha yake yote alisimama akashika uzio kama mwanasiasa. Nilianza kuwaza Jumapili zangu zitakavyokuwa, wapi nitaweka majiko, wimbo gani utapigwa.

Nahodha ndiye aliyetambua kwanza. Alikuwa anageuza usukani kushoto, boti inavuta kulia. Akapunguza mwendo. Akainama akachungulia, akainuka, akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, "Akina mama, naomba wote mhamie upande huu. Taratibu. Mmoja mmoja."

Nikadhani ni mambo ya mizani. Tukahama. Lakini upande wa kulia haukuinuka. Maji yaliyokuwa chini ya sakafu yakawa yanalamba ukingo wake, kisha yakapanda juu ya zulia, membamba, yanang'aa, yanamfuata mama miguuni. Wimbo ukakatika. Mtu mmoja akaanza kusali kwa sauti, mwingine akamshika mwenzake shingoni. Majaketi ya kujiokolea yalikuwepo, lakini nusu yake yalikuwa bado kwenye mifuko yake chini ya viti, na tulihangaika kuifungua kwa meno. Nilimvika mama. Vifungo vilikataa kushika. Mama alikuwa ameubana mkoba wake kifuani kana kwamba ndio utakaomshikilia.

Nahodha akazima injini, akainua mkono kupunga. Hakuwa na haja. Mtumbwi wa injini ulikuwa umeshatukaribia, wavuvi wawili ndani yake, wanakuja moja kwa moja kwetu. Walitufikia kabla hatujaita mtu. Walimchukua mama kwanza, kwa adabu kubwa, wakamketisha juu ya nyavu, kisha sisi wengine kwa zamu. Boti yangu mpya tuliifunga kamba nyuma, ikawa inaburutwa imelala ubavu, viti vyekundu vyote vinatazama maji.

Nilikaa karibu na mvuvi mwenye injini. Nilimshika mkono nikamwambia Mungu amemleta.

"Si Mungu, mama," akasema, anatabasamu, anataka kunifariji. "Ni yule mzee wa ufukweni. Mlipoondoka tu alitufuata pale tunapotengeneza nyavu, akatuomba tuwe nyuma yenu. Akasema boti ngeni, haiaminiki."

Alisema hivyo kwa wema kabisa. Alidhani ananipa habari njema.

Nilitazama ufukweni. Kaka alikuwa ameingia majini na nguo zake, maji yanamfika kiunoni, mikono ameiweka kichwani. Na kwa umbali ule wote nikawa nayaona mambo yakijipanga moja baada ya jingine: mahindi aliyoyakataa, kiatu alichofunga, mke wake aliyemshusha. Alimshusha mke wake. Mimi alinipungia mkono.

Tulipofika hakunisogelea. Alimbeba mama mgongoni kutoka kwenye mtumbwi hadi nchi kavu, akamvisha koti lake, akamsugua miguu. Mama akamwambia, "Niache, sijafa." Mimi nilipita pembeni yao nikaenda kukaa jikoni kwangu, kwenye gunia la mkaa. Nilikaa pale mpaka wageni wote walipoondoka. Pilau halikuliwa.

Siku iliyofuata tuliitoa boti majini, na fundi wa kuchomelea akaja na mashine yake. Alikwangua rangi ya fedha kwenye boya la kulia. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine ya kijani iliyokufa, na chini ya hiyo, karibu na maungio, kulikuwa na kiraka kirefu kama mkono wangu, kimezungushiwa gundi ngumu iliyokauka na kupasuka. Akanieleza: boti ikiwa tupu, kiraka kinabaki juu ya maji. Ukipakia watu inadidimia kidogo, kiraka kinaingia majini, na maji yanapata mlango. Boti ilikuwa imeshatumika miaka mingi mahali pengine. Hata viti vilikuwa vya zamani, vimevalishwa ngozi mpya.

Sikupiga simu. Nilipanda gari nikaenda Bujora, kwa sababu nilijua kaka yuko kwa mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anapasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba apasue. Mama alikuwa amelala ndani.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu mdomo umezoea.

"Marahaba." Akaweka shoka chini.

"Ulijua."

Akafuta mikono kwenye suruali.

"Kaka, nakuuliza. Ulijua kuna kiraka?"

"Nilijua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa nimejiandaa aape, akasirike, amlaumu muuzaji, nami nimtupie kila nilichokiona. Jibu lile la neno moja liliniacha sina pa kushika.

Akakaa juu ya gogo, akaanza kueleza, macho yanatazama vibanzi vya kuni. Boti aliyoniambia kwenye simu ilikuwepo kweli. Aliiona, akaigusa, ilikuwa mpya. Akalipa. Aliporudi kuichukua, muuzaji akamwambia imeshachukuliwa na mtu mwingine, na hela imeshafanya kazi nyingine. Kama anataka, ipo hii ya zamani, inafanana na ile. Alibishana naye siku kadhaa. Alikwenda polisi, akaambiwa njoo kesho. Mwisho akaichukua ile ya zamani.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ningekuambia nini? Mimi ndiye niliyesema usinunue kwenye simu, nitakwenda mwenyewe. Mimi ndiye fundi. Niliona aibu kurudi nikiwa nimetapeliwa kama mtoto."

"Kwa hiyo ukaivisha nailoni."

Akafunika uso kwa viganja. "Nailoni nilinunua mwenyewe Kariakoo," akasema. "Nikaifunga na vijana wa pale. Nilidhani nitapata nafasi ya kuliziba lile boya vizuri kabla hujapakia watu. Sikujua mtapanda siku ile ile."

"Lakini tulipanda. Ulikuwepo. Ulituona tunapanda."

"Nilikuona."

"Ungesema neno moja tu. Ungesema, msipande."

"Mbele ya watu wote wale?"

Aliuliza hivyo kweli. Hakuwa ananidhihaki, alikuwa ananieleza ugumu wake, na alitegemea nitauelewa. Mbele ya wanakwaya, mbele ya nahodha, mbele ya watu wa winchi. Kati ya kusema neno moja mbele ya watu na kukimbia kuwaomba wavuvi watufuate wasije mama na dada yake wakazama, alichagua kukimbia. Alikuwa amepima yote hayo kichwani huku anafunga kamba ya kiatu.

Nilimwambia, "Mkeo ulimshusha."

"Na mama nilimwambia abaki," akasema, haraka, kama mtu aliyepata kitu cha kujitetea.

"Na mimi?"

Ndani mama akakohoa. Kuku wakaja kuchakura karibu na shoka. Nilisubiri, kwa sababu nilitaka jibu, lolote lile. Hata angesema alinisahau ningelipokea. Hatimaye akasema, "Wewe unajua kuogelea."

Niliinuka nikaondoka bila kuaga. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nayasikia maneno yale, na kilichonichoma si kwamba yalikuwa ya kijinga. Yalikuwa ya kweli. Alikuwa amenihesabu.

Wifi alikuja mgahawani baada ya hapo, peke yake, akasimama mlangoni hataki kukaa. Akasema, "Wifi, mimi sikujua kitu. Aliponishusha nilimchukia siku nzima kwa kuniaibisha. Sasa sijui hata nimchukie kwa lipi." Tulikumbatiana, tukalia, tukala samaki. Naye nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi, kwa sababu yeye anarudi kulala nyumba moja naye.

Muuzaji wa Dar hapokei simu tena. Kaka aliomba alitengeneze lile boya kwa mikono yake, nikakataa. Fundi wa kuchomelea alikata kipande chote kibovu, akaweka bati jipya la alumini, kisha tukayajaza maboya yote mawili upepo na kuyapaka maji ya sabuni kutafuta povu. Nahodha akailaza majini, akairudisha, akailaza tena, wakati huu akiwa ameipakia mifuko ya mchanga mahali pa watu. Wakaguzi walikuja wakaitazama mpaka chini. Sasa inafanya kazi. Jumapili inajaa, na wageni wanaisifu sana, wanapiga picha. Mimi mwenyewe naipanda mara chache. Nikiwa juu yake natazama ukingo wa kulia, natazama zulia, siwezi kuwasikiliza watu.

Mama hatujamwambia. Anajua boti ilivuja na ikatengenezwa, basi. Akiuliza kwa nini kaka haji tena ufukweni, nasema miguu inamsumbua. Kwa hiyo na mimi nimeanza kusema uongo kwa ajili yake, na jambo hilo nalo linaniudhi.

Tunaonana misibani na Krismasi. Namsalimia, anaitikia. Ananiuliza biashara, namwambia inakwenda. Watu wakitutazama hawaoni kitu, na labda hivyo ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Lakini kuna kitu ndani yangu ambacho zamani kilikuwa hakifanyi kazi yoyote, kwa sababu hakikuwa na haja ya kufanya kazi, na sasa hakipumziki. Juzi alinipigia simu akasema mvua kubwa imenyesha Bujora, mto umefurika, nisihangaike kwenda kumwona mama wiki hii. Nikamshukuru. Nikakata simu, nikakaa nayo mkononi, nikampigia wifi, maana nyumba yao si mbali na kwa mama.

"Wifi, huko kwenu mvua imenyesha?"

"Imenyesha wifi wangu. Imenyesha vibaya sana, mahindi yote yamelala."